Tafakuri ya Ramadhani 17: Deni la wema, mdai akishaondoka



Ndugu zangu, siku kama ya leo, mwaka wa 2 wa Hijra, vilipiganwa vita vya Badri. Ushindi wake tunaujua tangu chuoni. Leo tuangalie neno moja tu, lililosemwa vita vikiwa vimekwisha.

Mateka walikuwa kama 70, Makureshi waliomtesa Mtume (s.a.w.) na kumtoa kwao. Akasema kwamba lau Mut'im bin Adiy angekuwa hai, kisha akamwombea watu wale, angemwachia wote. Amepokea Bukhari. Mut'im ni nani? Hakuwa Mwislamu, na alikufa hajasilimu. Lakini Mtume aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe na Makka haingiliki, Mut'im ndiye aliyempa ulinzi, wanawe wakashika silaha, akaingia mjini kwa amani. Sasa mtu amekwisha kufa, hana cha kudai, na wema wake bado unahesabiwa!

Basi nakuuliza: aliyekutendea wema akifa, au ukawa humjui hata jina, deni hilo limekwisha?

Nitakupa mfano wa mama mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, mtunga programu za kompyuta, aliyefariki Agosti 2025 akiwa na miaka 91. Utasema, "Sheikh, huyo si Mwislamu." Kweli. Na Mut'im je?

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1933, baba yake hakimu, Myahudi. Wanazi walipowabana Wayahudi, watoto wapatao 10,000 walisafirishwa kwenda Uingereza kuokolewa, wengi bila wazazi wao. Mwaka 1939 naye akapandishwa treni na dada yake. Yeye ana miaka 5, dada ana 9. Wakapokelewa na mume na mke wasiowajua, wakalelewa kama watoto wa nyumba ile.

Hebu fikiri. Waliochanga pesa, waliopigania vibali, waliowashika mikono watoto stesheni, wote hao atawalipa vipi? Wengi hata hakuwajua. Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba aliamua maisha yake yawe ni maisha yaliyostahili kuokolewa. Kwa hiyo alipa wengine kile alichoshindwa kuwalipa wale.

Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya kutunga programu kwa pauni 6, kwenye meza ya kulia chakula. Zama zile wanawake wengi wenye ujuzi wakizaa walikuwa wanaacha kazi. Yeye akawapa kazi wafanyie nyumbani, wanaandika programu huku wanalea. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu. Simu ikilia alikuwa anawasha kanda yenye sauti ya taipureta ili mteja asisikie kelele za nyumbani! Na ni wanawake hao hao walioandika programu ya chombo kinachorekodi mwenendo wa ndege ya Concorde. Baadaye hisa nyingi za kampuni akawagawia wafanyakazi.

Mwaka 1993 akastaafu, ana miaka 60. Kwetu mtu akifika hapo husema, "Nimemaliza, sasa napumzika." Yeye ndipo alipoanza. Alitoa karibu pauni milioni 70, na muda wake pia. Mwanawe wa pekee, Giles, alikuwa na usonji mkali, na alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Prior's Court kwa watoto wenye usonji, ambayo mama huyu aliianzisha. Mwanawe yuko kaburini, na mama anahangaikia watoto wa watu. Kama yeye alivyohangaikiwa na wasio wazazi wake.

Sasa kuna jambo linalotatiza. Qur'ani, katika Suratul Insan, inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Allah, wala hawataki malipo wala shukrani. Sasa ikiwa mtoaji hadai, huyu mpokeaji anadaiwa na nani?

Jibu ninaloliona ni kwamba hizi ni amri mbili kwa watu wawili. Anayetoa ameamrishwa asahau: asihesabu, asisimbulie. Anayepokea ameamrishwa akumbuke, maana Mtume ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Ubaya unaingia tunapobadilishana amri hizi, mtoaji akakumbuka na mpokeaji akasahau. Hapo ndipo penye masimbulizi upande mmoja, na upande wa pili fadhila ya punda. Mtoaji amekusamehe kumlipa yeye, hajakusamehe kuwa mtu wa shukrani.

Usiniambie, "Yule alikuwa tajiri, mimi nina nini?" Alianza na pauni 6. Na waliomwokoa wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa na kitanda cha ziada na huruma.

Kazi yetu ya leo, kabla ya futari: mkumbuke mtu mmoja aliyekushika mkono. Mwalimu aliyekufundisha alifu. Jirani aliyekulipia ada. Mkunga aliyekesha na mama yako. Kama yuko hai, mpigie simu umwambie. Kama ameshatangulia na ni Mwislamu, muombee. Kisha, wa dini yoyote awe, lipa deni lake kwa mwingine, kwa ujuzi ule ule ulio nao. Wewe mhasibu mstaafu, daftari za madrasa zinakungoja. Wewe kijana wa kompyuta, kaa na mzee mmoja umjazie fomu zake za mafao, usimtoze. Wewe nesi uliyestaafu, mtaani kuna mzazi mpya hana wa kumuuliza.

Usimwambie uliyemsaidia kwamba anadaiwa. Akikumbuka mwenyewe, naye atapata wa kumlipa.

Allah atukubalie funga zetu, awalipe kheri walimu wetu na wote waliotufaa, tunaowajua na tusiowajua. Amin.

Ukiona ina faida, mtumie na mwenzako. Tukutane kesho inshaallah.