Ushahidi wa Msafiri Aliyelipiwa

Anayelipiwa safari ana deni, na mara nyingi hulilipa kwa maneno. Je, maneno ya mdaiwa yapokewe kama ushahidi? Mafakihi wa Kiislamu walikuwa wakali: shahidi anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake hukataliwa. Lakini kwa sharti hilo, sehemu kubwa ya habari za upelelezi wa maziwa yetu na wa nchi za barafu ingetupwa.

Kaskazini ya Kalundu, bandari ya mji wa Uvira, mto Ruzizi humwaga maji yake ya tope katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa fedha za serikali ya Uingereza na Shirika la Kifalme la Jiografia, wakaambiwa na wana wa mtemi kwamba mto huo unaingia ziwani. Baadaye Burton akashikilia kuwa unatoka. Novemba 1871 alikuja Stanley pamoja na Livingstone. Stanley alikuwa mtu wa gazeti la New York Herald, lililotaka habari za kuuza. Wakafika kwa mtumbwi mlangoni mwa Ruzizi, wakaona mkondo ukiingia ziwani. Mlipaji hakuweza kuugeuza mto. Aliyetumwa na wanajiografia ndiye aliyekosea, na wenyeji, wasiolipwa na yeyote, walikuwa wamekwisha kusema kweli.

Deni lililipwa kwenye ramani: visiwa vidogo vya ziwa hilo vikabandikwa jina la gazeti, kana kwamba havikuwa na majina.

Mwenye gazeti, James Gordon Bennett, aliigharimia pia meli ya Jeannette, yenye jina la dada yake, kwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1879. Barafu iliiponda Juni 1881. Kati ya watu 33 walikufa 20. Mlipaji wa namna hii hapati hasara: ushindi huuza gazeti, na msiba huuza vilevile.

Kusifu bidhaa ni jambo zito zaidi. Baada ya safari yake ya Afrika ya 1887 hadi 1889, Stanley alizisifu dawa za Burroughs Wellcome, na sifa hizo zikawa tangazo. Masanduku ya kampuni hiyohiyo yalibebwa baadaye na Scott na Shackleton hadi Antaktika. Lakini katika safari hiyo ya Stanley mamia ya wapagazi walikufa, wengi wao katika misitu ya Ituri, na hao hawakuulizwa kuhusu dawa. Habari ya Ruzizi inakubalika, maana yeyote angeweza kwenda kuihakiki. Sifa ya dawa haikubaliki.