Amana Iliyowekwa Juu ya Mawe

Lipo swali ambalo mtu hulisikia gereji mara nyingi zaidi kuliko msikitini au kanisani, ingawa kwa asili yake ni swali la dini: je, kitu kilichofanywa kwa mikono ya wanadamu, kikatumikia watu kwa wema miaka mingi, kisha kikachakaa na kuachwa, kina haki yoyote juu ya mwenye nacho? Haki ya mnyama juu ya bwana wake twaijua. Haki ya jirani na haki ya mpita njia hufundishwa hata watoto wadogo. Lakini chuma hakina roho, hakilii njaa, wala hatutarajii kisimame Siku ya Hesabu kumshitaki mtu. Basi kwa nini dhamiri humchoma mtu apitapo kila asubuhi mbele ya gari la marehemu baba yake, lililowekwa juu ya mawe, magurudumu yamekwisha kung'olewa, na majani yameota hata yakaingia mlangoni?

Katika Hamugembe, mtaa wa mji wa Bukoba, swali hili si la anasa. Mvua hapa hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa Ziwa Viktoria hauachi chuma kupumzika. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, aghalabu penye kibanda cha mabati ya zamani, utayakuta magari ambayo vijana wa leo huyajua kwa majina tu: Land Rover ndefu za miaka ya sitini, na Peugeot 404 za aina ile ambayo Bert Shankland, dereva mkazi wa Tanzania, alishindia mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Magari haya yalibeba kahawa, yakabeba wagonjwa, maharusi na maiti, na mara nyingine yote hayo katika juma moja. Hayakuachwa kwa chuki. Yaliachwa kwa kuwa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na spea zikawa hadithi. Halafu, milango ya biashara ilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakaja kwa wingi, na lile la zamani lililokuwa likingoja kifaa kimoja tu likasahauliwa pale pale liliposimama.

Hoja ya wanaopinga kufufua magari ya namna hii ni nzito, na asiyeipa uzito wake hana insafu. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuangusha nyumba nyingi katika Mkoa wa Kagera, na Hamugembe ikawa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Mtu ambaye ukuta wake ungali na ufa tangu siku ile, ambaye ana ada za watoto na deni dukani, atawezaje kusimama mbele ya Mola wake na kusema kwamba shilingi zake chache alizitia katika kabureta? Kurani imewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu za mashetani, na Injili imetahadharisha juu ya hazina za duniani ambazo kutu huzila. Maneno haya hayana njia ya kuyazunguka, wala mimi sitafuti njia hiyo.

Lakini yatazamwe vizuri maneno hayo yanamlenga nani. Yanamlenga alimbikizaye, si atengenezaye. Gari linalooza chini ya migomba wakati mwenyewe hataki kuliuza, hataki kulitengeneza, wala hataki mtu mwingine aliguse kwa sababu ni la baba, ndilo hazina iliyofukiwa. Ubadhirifu umekwisha kutendeka hapo, nao huendelea kutendeka kila mvua inyeshapo, pasipo senti moja kutoka mfukoni. Tumezoea kudhani kuwa israfu ni kutumia tu. Kuacha kitu chenye manufaa kiharibike hali mkono wa kukiokoa upo, hiyo nayo ni israfu, na huenda ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haina hata furaha ya kutumia.

Mtaani kwetu yupo mwalimu mstaafu ambaye nilimkuta amelala chali chini ya Land Rover ya marehemu baba yake, ana nyundo ndogo mkononi, akigonga chasisi kutoka nyuma kuja mbele na kutega sikio. Penye chuma kizima sauti ilikuwa kali na nyundo ilirudi mkononi. Penye kutu sauti ilikufa, na magamba mekundu yalimwangukia usoni. Kila palipokufa sauti alitia alama ya chaki. Bodi ya gari lenyewe, kwa mtazamaji aliyesimama nje, ilikuwa na afya ya kutosha, maana Land Rover hizo zilivikwa bati la alumini, nalo halishiki kutu kama chuma. Ila pale alumini ilipoungana na chuma na maji yakakaa baina yao, palikuwa na unga mweupe, na ukiufuta kwa kidole bati lilitoboka. Alama za chaki zilipokwisha kuwa nyingi, fundi kijana aliyekuwa amechuchumaa kando alitoa shauri lake.

"Mwalimu waitu," alisema, "hii tukipiga kiraka juu kwa juu, tukatia puti na rangi, mwezi huu huu unaendesha. Nani atainama kutazama chini?"

"Na siku nikimpakia mama yako humo," mzee akajibu bila kutoka chini ya gari, "tukashuka mteremko, chasisi ikakatika, atakayeinama kutazama atakuwa nani?"

Katika jibu hilo imo sehemu kubwa ya fikira ninayotaka kuieleza. Sheria ya dini imezigawa ibada katika faradhi na suna; faradhi haina budi kutimizwa, na suna ni pambo lenye thawabu, lakini aliyeacha faradhi akashughulikia suna amejenga paa pasipo kuta. Kazi ya gari la zamani ina mgawanyo ule ule, na ni umasikini unaoudhihirisha. Tajiri hununua kila kitu kwa pamoja, na kwa hiyo hana haja ya kujua kipi kilikuwa cha lazima na kipi kilikuwa cha kupendeza macho. Mwenye fedha kidogo, kila shilingi inamwuliza swali. Breki ni faradhi: raba za silinda zake, paipu zilizoliwa na kutu, mafuta mapya. Usukani ni faradhi. Chasisi ni faradhi, nayo haichomelewi juu ya kutu, bali hukatwa mpaka kifikiwe chuma kizima, kisha kipande kipya kikaunganishwa hapo, na matundu ya kutolea maji yaliyozibwa na tope yakazibuliwa ili maji yasilale ndani tena. Taa na nyaya zisizounguza gari ni faradhi. Rangi ni suna. Viti vya ngozi, nembo ya mbele iliyong'arishwa, redio, yote hayo ni suna, na yanaweza kungoja miaka kumi bila dhambi.

Jambo la ajabu, au tuseme la hikima, ni kwamba gari lenyewe lilizaliwa kutokana na uhaba. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa ingali katika dhiki iliyoletwa na vita, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Watengenezaji wakaivika alumini kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na sehemu nyingi wakaziacha tambarare ili zikunjwe kwa urahisi, bila mitambo ya gharama. Lile lililofanywa kwa sababu ya unyonge ndilo lililolihifadhi gari hili hata likafika kwetu. Nguvu zake zimo katika mambo machache yaliyo wazi, ambayo fundi wa Bukoba aliye na spana na subira anaweza kuyafungua, kuyasafisha na kuyarudisha. Na betri ikiwa imekufa, injini ya namna hiyo bado huwashwa kwa hendeli.

Subira nimeitaja kwa makusudi, kwa kuwa katika shughuli hii ndiyo mtaji mkubwa kuliko fedha. Mtu hununua raba za breki mwezi huu, akangoja. Mwezi ujao akamwagiza msafiri avukaye mpaka wa Mutukula amtazamie kifaa Kampala, ambako ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Bushi isiyopatikana popote humpelekea mwenye mashine ya kukerezea amchongee. Wakati huo wote chasisi iliyokwisha kutengenezwa hupakwa ndani oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka injini nyingine, ambayo haigharimu kitu na huzuia kutu. Mambo haya hayana fakhari yoyote. Hakuna jirani atakayesimama kupongeza paipu ya breki. Na hapo ndipo nia ya mtu hupimwa, kwa sababu kazi iliyo ya faradhi katika gari karibu yote haionekani, na kazi inayoonekana karibu yote ni suna.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba puti iliyotiwa juu ya kutu ni riya. Sisemi hivyo kwa kutafuta maneno makali. Nasema kwa kuwa riya ni tendo lililofanywa ili lionwe, likaliacha la ndani lilivyo, na hakuna maelezo mengine yanayolifaa tendo lile. Wanaoliuza gari la namna hiyo kwa mtu asiyejua kugonga chasisi kwa nyundo wamezidi riya, wameingia katika khiyana, na rangi nzuri waliyopaka ndiyo shahidi wa kwanza juu yao.

Wako wenye fikira nyepesi zaidi ambao huuliza: likibadilishwa hiki na kile, mpaka nusu ya gari ni mpya, je, bado ni gari la baba? Swali hili limewaliza wanafalsafa wengi, lakini watu wa Bukoba wamekwisha kulijibu bandarini. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi katika ziwa hili mwaka 1961, ilikaa miaka bila kusafiri, ikafungwa injini mpya, ikarudi majini mwaka 2020 kati ya Mwanza na Bukoba. Wala sijamsikia abiria aliyesimama gatini kuuliza kama hii ni Victoria kweli. Wanaijua kwa utumishi wake. Kitu cha utumishi hudumu kuwa ni kile kile maadamu kinaendelea kutumikia watu wale wale kwa njia ile ile. Na gari ambalo kila skrubu yake ni ya asili, lakini limekufa na halitafufuliwa, limekwisha kuacha kuwa gari la baba, hata kama hati ingali na jina lake.

Tena, mji huu unajua kungoja. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho, alifariki mwaka 1997, akazikwa kwa muda Kashozi kwa kuwa Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa katika matengenezo. Na ni Oktoba 2012 tu mabaki yake yalipohamishiwa huko. Karibu miaka 15 ilipita. Sijui mfano bora wa kuwaonyesha wale wanaoona haya kwamba gari lao limekaa gereji miaka mitatu likingoja silinda hedi. Kazi iliyokawia kwa sababu fedha ni kidogo haina aibu, maadamu haikuachwa.

Alhasili, hukumu yangu ni hii. Kufufua gari la zamani kwa fedha kidogo ni jambo la halali na la thawabu kwa sharti kwamba haki za walio hai zimetangulia: mtoto asikose ada kwa sababu ya gia boksi, wala ufa wa ukuta usingoje rangi ya bodi. Ni la thawabu pia kwa sharti kwamba gari likisimama tena litarudi katika kazi, limpeleke mjamzito hospitali, libebe ndizi za mjane mpaka sokoni. Gari linalotengenezwa ili lioshwe Jumamosi na kutazamwa Jumapili ni pambo la nafsi. Sitamlaumu mwenye nalo ikiwa ana wasaa, lakini asiliite amana. Na yule ambaye amejichunguza kwa uaminifu akaona kwamba hana fedha, hana muda, na hana nia, basi huyo naye ana wajibu ulio mwepesi, ambao wengi hawautimizi kwa takaburi tu: amwite aliye na nia, amkabidhi gari pamoja na kadi yake, kwa bei ya haki au kwa sadaka, badala ya kumngoja mnunuzi wa vyuma chakavu alipime kwa kilo.

Mvua kubwa huku huanza Machi. Kama unalo gari juu ya mawe, chukua nyundo kabla ya mwezi huo ukaligonge chasisi, uzibue matundu ya maji, na uamue ama kulitengeneza, ama kumpa mwingine.