Je, Tukate Waya?

Taa nyekundu ya hendibreki ikiwaka ilhali hendibreki imeachiwa, huenda kosa ni la swichi ndogo iliyo chini ya wenzo wake, iliyoshikwa na vumbi. Na hapa Mhunze vumbi si haba. "Kata waya," husema wengine. Je, ni haki kumnyamazisha mwonyaji kwa kuwa amekosea mara moja? Katika magari mengi taa hiyohiyo huonya mafuta ya breki yakipungua. Mkata waya huondoa uongo pamoja na ukweli, na abiria waliomwamini hawana habari. Basi, kwanza tazama mafuta ya breki, kisha safisha swichi au ibadilishe. Dhamiri nayo ikituonya ovyo, tuirekebishe, tusiizime.