Nani aliiangusha Barad-dûr?

Vijana wenzangu, wengi husema Frodo ndiye aliyeiangusha Barad-dûr, ngome ya Sauron. Hapana bwana! Alipofika penye moto alishindwa: akaivaa pete, akasema ni yake. Gollum akaing'ata pamoja na kidole, akatumbukia nayo, na ngome, ambayo msingi wake ulishikwa na nguvu za pete, ikaporomoka. Tolkien, Mkatoliki, aliiweka siku hiyo tarehe 25 Machi, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria (sidhani ni bahati tu).

Sasa jamani, kwa nini Gollum alikuwa bado hai? Bilbo alimhurumia, Frodo pia. Huo ulikuwa ujinga? Mimi nasema huruma yao haikupiga hesabu ya faida. Hata Sam, pale mlimani, alikuwa na upanga mkononi na kila sababu ya kuutumia. Akamwacha aende.