Mali Iliyonunuliwa na Siri Iliyomo Ndani Yake

Wazee wetu walimcheka mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kosa lake halikuwa kununua mbuzi, wala kutoa bei kubwa, bali kulipa kabla gunia halijafunguliwa. Hata hivyo mtu huyo, pamoja na ujinga wake, alikuwa na faraja moja. Alipofika nyumbani alilifungua gunia lake, na hata kama alimkuta mbuzi kilema, walau alimjua. Zama zetu zimeleta gunia la namna nyingine. Mtu hununua, hulipa, huchukua kitu chake hadi nyumbani, kisha huambiwa kwamba gunia limeshonwa lisifunguliwe kamwe, na kwamba akithubutu kulifungua atakuwa amekosa. Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: mtu wa namna hiyo amenunua nini?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wanafalsafa tu, mpaka mtu atembee Kariakoo. Katika Mtaa wa Aggrey na vichochoro vinavyotokea Msimbazi, mafundi wa simu wameketi mbele ya meza ndogo za kioo, kila mmoja na taa yake, bisibisi nyembamba kama sindano, pasi ya kulehemu na kompyuta iliyochakaa. Kwao huletwa si simu pekee, bali pia sabufa za kuchomeka flashi, redio ndogo, na vile vyombo vya mfukoni vya kuchezea muziki ambavyo mjini huitwa kwa jina moja tu, MP3. Hivi vya mwisho vimepungua sana tangu simu zianze kubeba nyimbo, lakini nitavitumia kuwa mfano, maana jambo huonekana wazi zaidi katika kitu kidogo. Chombo cha muziki hakina kazi nyingine ila kumwimbia mwenyewe. Kikikataa kumwimbia kwa namna anayotaka, ugomvi wao haumhusu jirani.

Fundi wa redio wa miaka ya 1970 alifungua kifuniko cha nyuma, na mambo yote yakawa mbele yake: nyaya, koili, transista, spika. Baadhi ya redio zilikuja na mchoro wa saketi uliobandikwa ndani ya kifuniko, kana kwamba mtengenezaji anamwambia fundi asiyemjua: ikiharibika, pitia hapa. Heshima ile ilizoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeiita heshima. Leo fundi akifungua chombo huona kipande cheusi kisichozidi ukucha, na ndani yake maagizo maelfu kwa maelfu yasiyoonekana kwa jicho. Maagizo hayo ndiyo programu ya ndani. Ndiyo inayokiambia chombo kikubali wimbo gani, kikatae upi, kizungumze na mwenyewe kwa lugha ipi. Waya ukibadilishwa, tabia ya chombo haibadiliki. Atakaye kuibadilisha tabia hana budi kuyaondoa maagizo yale na kutia mengine, kazi ambayo mafundi wetu huiita kuflashi. Basi siri imehama kutoka katika umbo la kitu na kuingia katika maandishi, na mwenye maandishi yuko mbali, wala hasemi na mtu.

Ugomvi wa aina hii ulipata kutokea Sweden, na mwisho wake una mafunzo. Mwaka 2001 watengenezaji programu wachache, wakiwamo Björn Stenberg na Linus Nielsen Feltzing, walikuwa na vyombo vya muziki vilivyouzwa na Archos, kampuni ya Ufaransa. Vyombo vilikuwa vizuri, lakini programu yake iliwaudhi kwa kasoro zake. Hawakuvitupa. Walivichunguza mpaka wakaelewa jinsi vinavyofanya kazi, wakaandika programu yao wenyewe, wakaiita Rockbox, kisha wakaigawa bure. Wengine kutoka nchi mbalimbali walijiunga nao, na programu hiyo ikaenea hadi kwenye vyombo vya iriver, SanDisk, na baadhi ya iPod za Apple. Miongoni mwa mambo waliyoyaongeza, moja linanigusa kuliko yote: chombo kiliweza kutamka kwa sauti orodha zake na majina ya mafaili, hata mtu asiyeona akakitumia bila kuongozwa. Waliokitengeneza hawakuwa wamemkumbuka mtu huyo. Alikumbukwa na watu waliolifungua gunia.

Kampuni nazo hazikulala. Mwaka 2006 Apple ilianza kuzifunga programu za baadhi ya iPod zake kwa maandishi ya fumbo, na ilipita miaka kabla wafumbuzi hawajapata njia ya kuingia humo.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la ufundi na kuwa la utu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kutokana na yale wayafanyayo wengine, akayakataa au akayarekebisha yamfae. (Jambo hili huulizwa sana katika mitihani, na pengine ndiyo sababu halifanyiwi kazi.) Lakini mtu hawezi kurekebisha asichoruhusiwa kukisoma. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa mahali pale. Wapagazi wale walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Sipendi wajukuu wao wabebe mfukoni mizigo waliyoinunua kwa fedha zao wenyewe, nao wasijue mna nini.

Zipo hoja za upande wa pili, wala hazistahili kudharauliwa. Husemwa kwamba mtengenezaji ametoa jasho lake, na kuibadilisha kazi yake ni kumkosea. Sikubali. Jasho lake limelipwa siku chombo kilipouzwa, na waandishi wa Rockbox hawakuiiba programu yake, bali waliweka yao mahali pake. Mtu akikata mikono ya shati alilolinunua, fundi cherehani aliyelishona hana la kudai. Husemwa tena kwamba chombo chaweza kufa mikononi mwa anayekibadilisha. Ni kweli, nacho hufa mara kwa mara. Lakini hasara hiyo ni ya mwenye chombo, naye ana haki ya kujitia hasarani kwa mali yake.

Hoja nzito ni nyingine. Meza ile ile, kompyuta ile ile na mkono ule ule unaokitilia chombo programu bora, huweza pia kubadilisha namba ya utambulisho ya simu iliyoporwa kwenye daladala, mwenyewe asiipate tena. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imelifanya tendo hilo kuwa kosa, na ni haki. Jirani wa meza hiyo huenda ana kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, mamia ya nyimbo kwa fedha kidogo, na aliyeziimba hapati hata senti. Hilo nalo lina sheria yake, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa macho ya mpita njia matendo haya yote ni mamoja: kijana ameinama, waya umechomekwa, mstari mdogo unajaa kwenye kioo. Kwa hiyo wako wanaoyalaani yote pamoja, na wako wanaoyatetea yote pamoja kwa jina la uhuru. Mimi naona kipimo ni kuuliza kama yuko mtu wa tatu asiyekuwapo mezani, ambaye haki yake inatoka kwa mlango wa nyuma. Katika simu ya wizi yuko. Katika nyimbo za kunakili yuko, na aghalabu ni mwanamuziki wa mji huu huu. Katika chombo cha muziki alichokinunua mtu kwa halali na kukitilia programu aliyopewa kwa hiari na walioiandika, nimemtafuta mtu huyo wa tatu na sikumwona.

Tusisahau pia kwamba gunia lililofungwa halimlindi mnunuzi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima simu bandia, waliozimiwa hawakuwa lazima wezi wala matapeli. Walikuwamo watu waliolipa kwa nia njema, bila njia ya kujua walichokinunua.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, ambalo halihusu kampuni za ng'ambo bali sisi wenyewe. Fundi anayeilalamikia kampuni kwa kumficha, naye huficha. Mteja akiinama kutazama, kompyuta hugeuzwa. Mwanagenzi hutumwa chai dakika ile ile panapofanywa jambo la maana, akirudi hukuta chombo kinaimba, na huambiwa kwamba atajifunza polepole. Anaweza kukaa hivyo miaka. Siri iliyotoka kiwandani imepata mlinzi wa pili, tena mwenzetu.

Lakini fundi huyo ana sababu, na mwalimu mwenye mshahara asiharakishe kumhukumu. Walioanzisha Rockbox waliifanya kazi hiyo katika saa zao za mapumziko, wakiwa na riziki yao mahali pengine. Fundi wa Kariakoo hulipia meza, hulipa ada za watoto, na akiba yake yote ni kujua jambo ambalo mwenziwe wa meza ya pili halijui. Tumwambie nini? Ati atoe bure kile kinachomlisha?

Nimejaribu kujijibu kwa mfano wa kinyozi. Kila mtu ajua jinsi nywele zinavyokatwa; kinyozi humpa mteja kioo ajitazame, na mteja hurudi mwezi ujao. Mama ntilie hupika wali mbele ya macho ya watu wanaojua kupika wali, nao humlipa. Wote wawili huuza mkono, muda na uangalifu. Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza, kisha nikaona mfano wangu una ufa. Ustadi wa kinyozi umo mkononi, hauibiki kwa kutazamwa. Kuflashi mara nyingine ni kulijua faili moja tu na mahali lilipo. Aliyeliona leo, kesho hahitaji fundi. Sitaki kumdanganya fundi: akigeuza kompyuta ili wengine waone, yako atakayoyapoteza.

Hata hivyo naye ni mdaiwa. Sehemu kubwa ya anayoyajua ameyapata kwa watu asiowajua, walioandika njia zao hadharani na kuziacha hapo. Waandishi wa Rockbox waliliona deni la namna hii, nao hawakuliacha kwenye huruma ya mtu. Walilitia katika masharti. Ruhusa inayoisimamia programu yao, iitwayo GPL, humwachia kila mtu kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na hata kuiuza, ila akimpa mwingine, ampe pia maandishi yake ya asili yanayosomeka na binadamu, pamoja na haki ile ile aliyopewa yeye. Sharti hilo halimkatazi mtu kula kwa kazi yake. Linamkataza kuufunga mlango aliopitia.

Mlango wa namna hiyo umepata kutufaa hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kuisubiri kampuni ione kama sisi ni soko la kutosha, kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi na ruhusa ilikwisha kutolewa kwa wote. Yamkini palikuwa na mabishano mengi juu ya istilahi. Lakini yalikuwa mabishano ya wenye mali, juu ya mali yao.

Mwanafunzi asomaye haya anaweza kulijaribu suala lote Jumamosi moja. Achukue chombo chake kilichogoma, aende Kariakoo, akubaliane bei na fundi kwanza, kisha aombe kwa adabu atazame kazi inavyofanyika. Wako mafundi watakaomvutia kigoda na kumweleza. Wako watakaomwambia akasubiri nje. Wote wawili wana sababu zao, naye akisimama pale nje juani atakuwa na nafasi ya kuzipima.