Wangeweka Benki

Sinia la pilau lilikuwa katikati yetu, na shemeji yangu alikuwa ameshashiba kiasi cha kuanza kutoa hukumu. Wiki ile kikoba cha mama mdogo kilikuwa kimevunjika, na sisemi kuvunjika kule kwa heri, pale wanachama wanapokaa Desemba kugawana walichoweka mwaka mzima. Mweka hazina hakuonekana, na laini ya simu iliyobeba fedha zote ilikutwa haina kitu. Akina mama 27, kila mmoja akiweka shilingi 5,000 kila Jumapili ili watoto wavae nguo mpya na kuku achinjwe siku ya Krismasi, walibaki wakitazamana. Shemeji akajipangusa vidole, akasema maneno mawili: "Wangeweka benki." Kisha akaongeza lililoninyima usingizi: "Ulaya huwezi kusikia upuuzi huu. Kule mtu anawajibika kwa hela yake."

Sikumjibu pale, kwa heshima ya dada yangu. Nimekuwa nikimjibu kimoyomoyo tangu siku hiyo.

Ulaya, basi. Swindon ni mji wa Uingereza, magharibi mwa London, na huko ndiko ilikokuwa kampuni iliyoitwa Farepak. Watu waliilipa kidogo kidogo mwaka mzima, na Krismasi ilipokaribia walipewa kapu la vyakula au vocha za kununulia madukani. Waliokusanya fedha walikuwa mawakala, wengi wao wanawake, wakichukua kwa ndugu, majirani na wenzao kazini. Ukiondoa baridi, ni kikoba. Tarehe 13 Oktoba 2006, wakati wengi walikuwa wameshakaribia kumaliza kulipa, Farepak ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Watu zaidi ya 100,000 walipoteza jumla ya karibu pauni milioni 40. Na huko nako akina shemeji hawakukosekana, tena walisema maneno yaleyale mawili.

Maana ya kuwajibika haina haja ya kugombaniwa: ni kubeba matokeo ya ulichokichagua mwenyewe. Kamusi inatosha, twende mbele. Yapo pia mabishano ya haki. Kwamba fidia ya kila mara huzaa uzembe ni kweli. Kwamba mtu mzima aulize fedha zake zinalala wapi, ni kweli pia. Lakini hili la benki siwezi kulipita, kwa sababu linasemwa kama vile ni busara.

Kwanza, fedha za Farepak zilikuwa benki. Shemeji angeniambia nini hapo? Pauni ilitoka kwa mama wa nyumbani, ikapita kwa wakala, ikaishia katika akaunti za kundi zima la European Home Retail, kampuni mama, na benki ya kundi hilo ilikuwa HBOS. Kundi lilikuwa na deni katika benki hiyohiyo. Kwa hiyo akiba ya Krismasi ilifika benki ikakuta deni la mtu mwingine limekalia kiti, linaingoja. Mambo yalipoharibika, benki ilikuwa mdai mwenye dhamana, na mama aliyetarajia kapu alikuwa mdai asiye na dhamana, amepangwa mwisho wa foleni. Ile kinga ya serikali kwa wenye akiba benki haikumgusa, kwa kuwa kisheria hakuwa ameweka akiba. Alikuwa amelipia bidhaa mapema. Mwaka mzima alidhani anadunduliza, kumbe alikuwa ananunua.

Pili, na hapa ndipo hasira yangu inapokaa, benki hufunguka. Ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Mtu mwenye kipato cha kuunga anajijua. Anajua kwamba Agosti kutakuwa na karo, au bili, au mgonjwa, na kwamba mkono wake mwenyewe utaifuata ile fedha ya sikukuu popote ilipo. Kwa hiyo Januari, akili ikiwa imetulia, anaufunga mkono huo. Anampa wakala, au kikoba, au anaitumbukiza katika kibubu ambacho hakitoi mpaka kivunjwe. (Masikio yangu husikia bubu ndani ya kibubu: kitu kinachokula na kunyamaza, hata mwenyewe akikibembeleza.) Anakubali kukosa riba, kwani kufuli ndilo alilolinunua. Huyu ndiye asiyewajibika? Shemeji ana akaunti tatu, na kila ikifika tarehe 20 ananikopa nauli.

Kasoro ya Farepak ilikuwa upande lilikotazama kufuli. Mwenye fedha alifungiwa nje, aliyeshika fedha akaachiwa mlango wazi. Wanavikoba wa zamani walilijua hili bila kwenda chuo chochote: sanduku la chuma lenye makufuli matatu, washika funguo watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Hakuna anayelifungua peke yake, mweka hazina akiwemo. Uaminifu wa mtu haukuwekewa mtihani wa usiku kucha. Kikoba cha mama mdogo kilikuwa na sanduku kama hilo, mpaka wezi walipoanza kuvunja nyumba mtaani na wanachama wakahamia kwenye simu. Makufuli matatu yakawa namba moja ya siri, kichwani mwa mtu mmoja.

Tatu, tarehe. Siku ya 13 Oktoba 2008, miaka miwili kamili tangu Farepak ianguke, serikali ya Uingereza ilitangaza pauni bilioni 37 za umma kuziokoa benki kubwa, HBOS ikiwa mojawapo. Sikumsikia mtu akiiambia HBOS kwamba ingeweka benki.

Naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, kwani nina ugonjwa na neno amana. Katika fikihi, ukimwachia mtu amana anatakiwa aikalie tu. Ikipotea bila uzembe wake, hadaiwi. Lakini akiigusa, akaitumia kwa shida yake, inageuka kuwa deni shingoni mwake. Inasimuliwa kwamba Mtume alipohama Makka mwaka 622 alimwacha Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, na baadhi ya watu hao walikuwa wapinzani wake. Sasa linganisha na Uingereza mwaka 1848, katika shauri la Foley na Hill: mahakama ya juu kabisa ya wakati huo ilisema fedha ukishaiweka benki ni mali ya benki, iitumie ipendavyo, na wewe unabaki kuidai tu. Ina maana benki huigusa amana tangu dakika ya kwanza, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Halafu matawi ya benki zetu yanatangaza "akaunti ya amana". Napenda kusimama mbele ya matangazo hayo na kuyasoma polepole.

Turudi kwa Farepak. Shauri la kuwazuia wakurugenzi wa kundi lile wasiongoze kampuni lilifika mahakamani London, na Juni 2012 serikali ikaliondoa likiwa katikati. Jaji Peter Smith alitoa maneno makali juu ya HBOS, bila kusema kwamba ilivunja sheria. Lloyds, iliyoimeza HBOS mwaka 2009, ikatoa pauni milioni 8 kwa walioumia. Miaka sita, na mwishowe wateja walirudishiwa sehemu tu ya chao. Mawakala ndio waliolazimika kuwatazama majirani usoni. Wajibu ulitiririka kama maji ya mvua, ukaenda kutuama kwa waliokaa bondeni.

Hapa nilitaka kufunga hoja. Nikampelekea mama mdogo, nikidhani nampelekea faraja. Nilimwambia hana kosa. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Mwanangu, aliyesema tuhamie kwenye simu ni mimi. Wenzangu walinifuata. Ukiniambia sina kosa, unaniambia sikuwa na akili."

Sijapata jibu la hilo. Kumwondolea mtu lawama yote ni kumwondolea na ukubwa wake, na kumbebesha yote ni kumwachia mwizi aende zake akipiga mluzi. Nimejaribu kuigawa lawama kwa mafungu, kama tunavyogawana mwisho wa mwaka, na kila mara hesabu inakataa. Tena mama mdogo hataki mafungu. Anataka fedha za wenzake zirudi, na anasema fungu lake mwenyewe atasubiri.

Shauri lao liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakati huohuo wameanza upya, wanawake 19 kati ya wale 27. Sanduku jipya limechomelewa na fundi wa hapo njiapanda, lina makufuli matatu, na Jumapili iliyopita kila mmoja aliweka 2,000.