Njooni Mazoezini na Nyimbo Mbovu

Wanangu mnaotunga nyimbo, kuna filamu nataka muitazame, tena muitazame yote. Inaitwa Get Back, ya Peter Jackson wa New Zealand. Ilitoka Novemba 2021 katika sehemu tatu ambazo kwa pamoja zinakaribia saa nane. Najua mtaguna. Siku hizi wimbo ukizidi dakika nne mnaona umekuwa hotuba. Lakini kwa anayetaka kuitwa mtunzi, hiyo ni karo nafuu.

Inawahusu The Beatles, vijana wanne wa Liverpool ambao hata nyie mliozaliwa juzi mmelisikia jina lao. Januari 1969 waliingia studio za filamu za Twickenham, London, wakajipa wiki chache za kutunga nyimbo mpya na kuzipiga mbele ya watu. Kamera za Michael Lindsay-Hogg ziliwaandama kutwa. Zikaacha saa kama 60 za picha na zaidi ya 150 za sauti. Mwaka 1970 ilitoka filamu fupi kutokana na mikanda ile, na kwa kuwa bendi ilikuwa imeshavunjika, watu waliitazama kama wako msibani. Jackson aliirudia mikanda hiyohiyo akatuonyesha zaidi kazi yenyewe. Na kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, inachosha. Ndiyo maana nawapeleka huko.

Tazameni Januari 7. John Lennon amechelewa. George Harrison na Ringo Starr wamekaa tu, George anapiga mwayo mrefu. Mbele yao Paul McCartney ameshika besi, lakini hapigi besi. Anazichapa nyuzi kama mtu wa gitaa la rithim, huku akiguna maneno yasiyo maneno. Ukisikiliza unaona aibu kwa niaba yake. Anarudia. Anapandisha sauti, anashusha, anarudia tena. Baada ya dakika kama mbili, ndani ya ile kelele unasikia tuni imeinua kichwa. George anachukua gitaa, Ringo anapiga makofi, na John akiingia anakuta kuna wimbo wa kuufuata. Ndio uliokuja kuipa filamu jina.

Vijana wengi wakiiona sehemu hii wanasema, "Kipaji hicho!" Mimi nawaomba muone kitu kingine. Paul hakujificha chooni na ile kelele mpaka iive. Aliitoa ikiwa mbichi, mbele ya wenzake, na wenzake hawakumcheka wala kumsifu. Walikaa. Huko kukaa, pamoja na miayo yake, ni nusu ya utunzi.

Tena wimbo ule haukuishia pale. Mwaka uliotangulia Wahindi wengi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wakihamia huko, Bunge la Uingereza likapitisha haraka sheria ya kuwabana, na mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake kali dhidi ya wahamiaji. Habari hizo zilikuwa bado zimejaa magazetini. Basi kwa siku kadhaa maneno ya wimbo yalikuwa kejeli kwa wale wanaowaambia wageni warudi kwao. Kejeli haikukaa sawa. Mtu angeweza kuisikia kama tusi lenyewe. Wakaitupa. Wakabaki na tuni na watu wa kubuni, wakabadilisha majina, wakabadilisha mwendo wa ngoma, wakaupiga tena na tena mpaka mtazamaji anatamani uishe. Sijui ni wangapi kati yenu mngekubali kufuta ubeti uliokwisha kukichekesha chumba kizima.

George naye alikuwa na wimbo wake, Something. Mstari mmoja ulimgomea, na anawaambia wenzake amehangaika nao miezi kama sita. Ushauri wa John ni wa fundi hasa: weka neno lolote linalokuja mdomoni, hata koliflawa, uimbe hivyohivyo mpaka neno lenyewe lije. George akajaribu na komamanga. Mnacheka, lakini wimbo huo huo ndio ukawa wa kwanza wa George kuwekwa upande wa mbele wa santuri ya The Beatles. Siku ile ulikuwa na tunda katikati.

Sasa linganisheni na mnavyofanya. Mtu anatumiwa biti kwa simu, anarekodi sauti yake peke yake usiku, prodyuza anainyoosha kwa kompyuta, na ngoma inatoka kabla mwenzake hajaisikia hata mara moja. Sina ugomvi na kompyuta. Hata Jackson ameitumia kutenganisha sauti za watu na ala zilizokuwa zimerundikana kwenye mkanda mmoja, nasi leo tunasikia walichokuwa wakinong'onezana. Ugomvi wangu ni huo upweke. Koliflawa yako anaisikia nani?

Lakini msidhani wale walikuwa malaika. Januari 10 George alichoka, akaaga, akaondoka. Alikuwa na miaka 25, mdogo kuliko wote, na nyimbo alikuwa nazo tele. All Things Must Pass waliupiga mara nyingi mazoezini mwezi ule, kisha ukaachwa kando. Mwishowe aliutoa mwenyewe mwaka 1970, katika albamu ya santuri tatu. Hesabuni wenyewe alikuwa amebana kiasi gani. Alipoondoka, watengeneza filamu walificha kipaza sauti ndani ya chungu cha maua kwenye chakula cha mchana, kikanasa John na Paul wakikiri kwamba hawakumtendea haki. Walikuwa wanajua. Kumwambia usoni ndiko kulikowashinda.

George alirudi, wakahamia studio ya chini ya jengo lao la Savile Row, na Januari 22 akapita Billy Preston, mpiga kinanda Mmarekani waliyefahamiana naye tangu Hamburg mwaka 1962. Akakalishwa kwenye kinanda cha umeme. Tazameni nyuso zao zinavyofunguka! Mgeni akiwepo, ugomvi wa nyumbani unaona haya. Na santuri ya Get Back ilipotoka, jina la Preston liliandikwa pamoja na la bendi. Nyie mnaosahau kuwataja wapiga vyombo wenu, someni hapo.

Januari 30 walipanda juu ya paa la jengo hilohilo, kwenye baridi, John amevaa koti la manyoya la mpenzi wake Yoko, Ringo koti jekundu la mkewe. Walipiga dakika 42 hivi, polisi wakafika. Kila mtu huwahadithia vijana hilo paa. Mimi naona halina la kuwafundisha zaidi ya kwamba waliofanya mazoezi hawababaiki.

Kuna siku nyingine naipenda kuliko hiyo ya paa. Ringo amekaa kwenye piano na kipande kidogo cha Octopus's Garden, anajua mwanzo tu. Anayeinama pembeni yake na kumwonyesha kordi ya kufuata ni George, yule yule ambaye nyimbo zake zilikuwa hazipati nafasi.

Basi itazameni kundi zima kwa pamoja, si kila mtu kwenye simu yake. Kisha Jumamosi njooni mazoezini na nyimbo mnazoziona mbovu, kila mmoja na wake. Na wewe kiongozi wa kundi, kabla hujaleta wimbo wako mwingine, muulize yule mdogo anayekaa karibu na mlango ana nini, umsikilize mpaka amalize.